Mguu Mmoja hadi Antofagasta

Nchi yetu haienei kwenye karatasi.
Mwalimu aliikata vipande vitatu, akaibandika ukutani
kama mtu aliyevunjika mgongo,
nasi tukaikariri hivyo hivyo, imevunjika.

Edelmira Barría akasema: tuitoe nje.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja na chaki ya wizi.
Kichochoro chetu pale Castro kinateremka
kutoka duka la mikate hadi majini.
Akaichora nzima, juu hadi chini,
vyumba kumi na sita vilivyobanana,
vya kurukwa kwa mguu mmoja.
Arica ikaangukia mlangoni kwa mwokaji, kwenye joto.
Sawasawa, alisema. Huko nako hawajui koti.

Sheria zilikuwa zake. Unatupa gamba la kome,
unaruka hadi lilipotua,
unataja jina la chumba na kitu kitokacho huko:
zabibu, shaba, mbao, samaki wa kopo.
Ukikosea, unarudi majini.
Ruperto alisema Atacama hutoka ngamia.
Akarudi majini. Akabisha. Akarudi tena.

Safari ilianzia Magallanes, na mbele yake pengo.
Barabara hakuna, alisema, mpaka upite kwa jirani.
Jirani alikuwa Mama Orfelina,
na kizingiti chake kikawa Ajentina.
Alikuwa akimenya viazi, hakuinua kichwa.
"Pasi zenu?"
Tukampa majani ya mtofaa.
Aliligeuza la Yasna, akalinusa:
"Hili limekwisha muda."
Yasna akalia, kilio cha kweli.

Na kisiwa chetu? Nukta.
Kilitosha kisigino tu.
Tulikisimamia kwa zamu,
tukitazama nyumba zetu za mbao, zile halisi,
zimesimama majini kwa miguu yake mirefu,
tusielewe zimeingiaje chini ya kiatu.

Santiago uliruhusiwa miguu miwili,
maana huko, alisema, kila mtu anasukumwa.
Jangwa ulilivuka bila kuvuta pumzi.

Halafu mvua. Kwetu mvua haiulizi msimu.
Ilianzia juu, jangwani, ambako watu huingoja miaka,
ikateremka na shaba, ikateremka na zabibu,
ikafika kwetu nyeupe kama maziwa
na kuingia baharini nchi nzima.
Kesho yake tukachora upya. Na kesho kutwa.
Jumatano moja tuliichora mara tatu.
Siku niliyoijua siikumbuki.
Nakumbuka tu kwamba kuna siku
mkono wangu uliacha kuuliza.

Gamba langu lilikuwa na njia moja.
Chumba cha tatu kutoka kwa mwokaji: Antofagasta.
Baba alikuwa huko, akiendesha lori la mgodi
lenye magurudumu yanayopita mlango wetu kwa urefu.
Mama akihesabu miezi kwa simu na risiti;
mimi nilihesabu miruko.
Kutoka kisigino hadi kwake, kumi na mmoja.
Siku moja nilifika, nikitweta, nikasahau shaba.
"Kinatoka nini huko?" akauliza Edelmira.
Nikasema: hatoki. Baba.
Wote wakanyamaza, hata Ruperto.
Edelmira, ambaye hakumsamehe mtu hata Krismasi,
akaitazama chaki iliyobaki mkononi,
akasema: pita.

Sasa nimo ndani ya basi, usiku wa pili.
Vyumba vinapita dirishani na taa zake,
virefu mno, havina mistari,
na mimi navitaja kimoyomoyo, jina na kitu,
nikiogopa kurudishwa majini.
Mzee wa kiti cha pili anakoroma tangu Coquimbo.
Nje ni mchanga tu, na mwezi.
Nagundua tangu Copiapó sijapumua vizuri.
Konda anapita na tochi, anainama,
anauliza kama mguu wangu umekufa ganzi,
huu wa kushoto,
nilioukunja chini yangu tangu jangwa lilipoanza.